Kazi ya Mzee Abundio Ilikuwa Kukaa

Abundio Pagdilao alipewa ahadi akiwa kijana wa miaka ishirini, akaifuata akiwa mzee wa sabini na mmoja. Katikati ya hapo alipika chumvi.

Kwao ni pwani ya Ilocos, mbali kaskazini ya Manila, nje kidogo ya Pasuquin, ambako kila nyumba ina tanuru lake la chumvi na wanawake hukwangua mchanga wa ufukweni kabla jua halijawa kali. Wajapani waliposhuka, Abundio aliliacha tanuru la baba yake akaingia milimani na vijana wenzake. Alianza kwa kubeba ujumbe, kisha akabeba risasi, kisha bunduki, na siku moja akambeba mwenzake aliyepigwa tumboni, akatembea naye tangu alfajiri hadi alipohisi kwamba anayembeba amekuwa mzito kwa namna nyingine. Maofisa wa Kimarekani, ambao ndio waliokuwa wakiitawala nchi, waliwaambia kwamba wao sasa ni askari wa Marekani na watatendewa kama askari wa Marekani. Vita vilipokwisha, wakubwa wa Washington wakapitisha sheria ya kusema hawakuwa. Yakaisha. Abundio akarudi kwenye tanuru, akamwoa Primitiva, binti wa mkulima wa vitunguu saumu, wakazaa watoto watano, na habari ya ile ahadi ikawa kitu cha kuzungumziwa harusini watu wakishalewa.

Uzeeni ikaja sheria nyingine. Wale waliopigana sasa wangeweza kuwa raia wa Marekani, ilimradi wavuke bahari. Pensheni ya askari bado hawakupewa. Walipewa uraia tu, mkavu, kama wali bila mchuzi. Lakini raia anaweza kuwaombea watoto wake ruhusa ya kuja, na Abundio alikuwa na watoto watano na mashamba ya kugawana yasiyotosha hata wawili.

"Miaka miwili tu," alimwambia Primitiva. "Nawaombea watoto, narudi. Au twende wote."

"Mimi Marekani nikafanye nini? Nikawaangalie wazungu wakitembeza mbwa?" Primitiva alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua uso. "Nenda wewe. Ila miaka miwili ya wanaume naijua. Ni kama 'nakuja sasa hivi' ya fundi."

Akaenda Sacramento kwa sababu kulikuwa na mwenzake wa milimani, Honorato Tabios, aliyetangulia mwaka mmoja. Honorato alikuwa anakaa upande wa kusini wa mji, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili walimojazana wazee wanne. Walipanga zamu ya kupika na zamu ya bafu, na mmoja wao, aliyekuwa akikoroma kama mashine ya kukoboa mpunga, walimpa sebule.

Watoto waliombewa. Wakaambiwa foleni ni ndefu, wasubiri. Miaka miwili ikapita, ikapita mitano, foleni iko palepale. Huku nyuma serikali ilikuwa inampa Abundio msaada ule inaompa mzee yeyote asiye na kitu. Haukuwa mwingi, ila kwa mtu anayekula wali na mboga na kulala kitanda cha kukunja ulibaki, na kilichobaki kilikwenda Pasuquin. Ukapaua nyumba. Ukamnunulia mwanawe wa tatu trekta dogo la mkono. Ukampeleka mjukuu shule ya wauguzi. Msaada huo ulikuwa na sharti moja: mzee akitoka nje ya Marekani zaidi ya mwezi, unakatwa.

Kila mwaka Abundio alipiga simu kusema sasa anarudi, na kila mwaka binti yake mkubwa, Norberta, alimjibu kwa upole.

"Subiri kidogo, baba. Paa halijaisha."

Mwaka uliofuata: "Subiri kidogo, mtoto amalize mwaka wa kwanza."

Norberta hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na watu kumi na mmoja wanaokula kwenye sufuria yake, na anayeijaza sufuria hiyo alikuwa mzee aliyeketi Sacramento. Abundio alilielewa hilo polepole, kama mtu anavyoelewa kwamba anakuwa kiziwi. Hakuwa amekuja kusubiri watoto. Alikuwa ameajiriwa, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa.

"Kazi nzuri hii," Honorato alimwambia siku moja wakiwa wameketi benchi la nje ya duka la vyakula. "Huna bosi, huna jembe. Unatakiwa usife tu."

"Na usiondoke."

"Na usiondoke. Hata mbwa wa kufungwa hulipwa mifupa."

Jumamosi walikwenda kliniki. Ilikuwa kwenye jengo la ghorofa moja nyuma ya bucha, na ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari: wanafunzi waliifungua, wakaifagia, wakapima presha, wakapima sukari, wakahangaika kutafuta dawa za bure, na nyuma yao alisimama daktari mmoja wa kweli, mama aitwaye Villaruz, ambaye siku za kazi alikuwa hospitali na Jumamosi alikuja kuhakikisha wanafunzi hawamwui mtu. Hakuna aliyelipa kitu. Wazee wa vita walikuja, na wafanyakazi wa hoteli, na wanawake wanaolea wazee wa kizungu na hawana bima ya kulelewa wao. Kina mama wa kanisa walileta sufuria kubwa ya uji wa mchele wenye kuku na tangawizi, na si wachache waliokuja na ugonjwa mdogo na njaa kubwa.

Ubaya wa kliniki ile ulikuwa mmoja. Wanafunzi walikuwa wanafaulu. Ukishamzoea mmoja, akashajua kwamba sikio lako la kushoto halisikii na kwamba ile dawa nyeupe inakuharisha, anamaliza mwaka anaondoka, na Septemba unakaa mbele ya mtoto mpya mwenye koti jipya anayekuuliza: "Haya babu, sukari ilianza lini?"

"Mimi sina sukari," Honorato aliwajibu wapya wote. "Mimi nina mimba. Mwandikie hivyo daktari."

Mwaka wa kumi wa Abundio pale alikuja Jocelle Dumlao. Alikuwa mwaka wa pili wa udaktari, mzaliwa wa Vallejo, hukohuko Marekani, mnene kidogo, mwenye mikono ya joto. Alipofika mbele ya mzee yeyote, kwanza aliuchukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, salamu ya heshima aliyofundishwa na bibi yake, ndipo akaanza kupima. Kiiloko, lugha ya wazee hao, alikisema vibaya, lakini alikisema.

"Huyu anaongea kama padri wa Kihispania," Honorato alinong'ona kwa sauti ya kusikika na chumba kizima.

"Bibi yangu alisema hivyohivyo," Jocelle akajibu. "Akasema pia nisichumbiwe na mtu wa Pasuquin, ni wabahili hata wa chumvi."

Abundio alicheka siku ile hadi akakohoa. Tangu hapo alikaa kwenye foleni ya Jocelle hata kama ya jirani ilikuwa fupi. Alimwambia mambo ambayo hakuwa amewaambia wengine, ya yule mwenzake aliyembeba na ya Primitiva. Jocelle alimsikiliza mashine ya presha ikiwa imeshalegea zamani mkononi mwa mzee, na wengine nyuma wakiguna.

Mwishoni mwa Septemba hiyo, Primitiva alimuuliza kwenye simu, "Unarudi lini?"

Ni swali la kawaida. Lakini katika miaka kumi hakuwa amewahi kuliuliza. Norberta aliuliza mambo mengi, watoto wengine waliomba mambo mengi, Primitiva alimweleza habari za kuku na za majirani waliokufa, akamwambia avae sweta. Sasa aliuliza unarudi lini, kisha akakohoa, kikohozi kirefu chenye maji ndani, kisha akasema basi, wacha simu isile hela.

Abundio alikaa na simu mapajani. Jioni alimwambia Honorato peke yake: Krismasi anarudi, moja kwa moja, na msaada ukatwe. Primitiva atamnong'oneza kwenye simu, ila Norberta atajua atakapomwona mlangoni.

"Na sufuria?" Honorato aliuliza.

"Sufuria itajua yenyewe."

Ilikuwa wakati huohuo kidole cha mguu wa kushoto kilipoanza. Kilianza kwa lengelenge la kiatu. Hakikuuma, na hilo ndilo lililomfanya asikijali, kwa maana mwenye kisukari cha muda mrefu miguu yake huwa kama ya mtu mwingine. Kikawa chekundu, kikawa zambarau. Alipokiona kimekuwa cheusi alijua, kwa sababu alishaona milimani vidole vya namna ile. Lakini alijua pia kwamba wakikiona watamzuia. Akakifunga kitambaa, akajipaka mafuta ya kafuri kwa ajili ya harufu, akavaa soksi mbili.

"Babu, leo tunatazama miguu," Jocelle alisema Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba.

"Miguu ipo. Imenileta."

"Naomba nikuvue soksi."

"Wiki ijayo."

"Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo."

"Ana soksi imetoboka huyo, anaona haya," Honorato alisema kutoka kiti cha pili, mwenyewe akidhani ni kweli. "Mwache. Mtu akikosa mke soksi hutoboka."

Jocelle hakucheka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na kutoka pale chini kafuri haikuficha kitu. Alimvua soksi ya kwanza, akamvua ya pili, akafungua kitambaa. Honorato akainama kutazama, akaanza kufunga vifungo vya shati lake ambavyo vilikuwa vimefungwa.

Daktari Villaruz aliitwa. Alitazama bila kugusa, kisha akagusa. "Hospitali. Leo. Si kesho."

"Sina nafasi," Abundio alisema.

"Mzee, hiki kidole kimekufa. Na kinachofuata kimeanza."

"Kife. Nina safari."

Ikabidi Honorato aseme, kwa sababu Abundio alikuwa amefunga mdomo. Aliwaeleza habari ya Krismasi, ya Primitiva na kikohozi chake. Daktari Villaruz alishusha pumzi akaondoka kwenda kupiga simu hospitali. Jocelle alibaki sakafuni, mguu wa mzee ukiwa bado mikononi mwake.

"Babu, ukipanda ndege hivi, sumu itaingia kwenye damu. Utafika umekufa."

"Nitakuwa nimefika."

"Na yeye ndiye atakayekuja kukupokea uwanjani. Ndivyo unavyotaka akuone?"

Mzee alitazama ukutani. Palikuwa na picha ya moyo wa mtu, umepasuliwa katikati, mishipa ya rangi mbili.

"Wakinikata," alisema mwishowe, "Krismasi nitakwenda?"

Jocelle alikuwa na miaka ishirini na minne. Mbele yake alikuwa na mzee ambaye, asipokubali saa ile, angekufa ndani ya wiki chache, na hilo alilijua kwa hakika. Mambo ya Krismasi hakuyajua kabisa.

"Utakwenda, babu," alisema. "Nakuahidi."

Walimkata vidole viwili. Kidonda hakikufunga. Katikati ya Novemba walimkata mguu chini ya goti, na huo nao ulikuwa mkaidi, unatoa maji, unafunga upande na kufunguka upande. Moyo wake, ambao hakuna aliyekuwa amelalamika kuuhusu, ukaanza kuvimbisha mguu uliobaki. Ukungu wa Desemba ulishuka juu ya bonde, ule mweupe wa Sacramento unaokaa wiki nzima bila kuinuka, na kutoka hospitali wakamhamishia nyumba ya kulelea wagonjwa wazee upande wa kaskazini wa mji, mabasi mawili na mwendo wa miguu kutoka kwa Honorato. Pale hapakuwa na mtu wa kusema naye Kiiloko. Walimpa viazi vya kuponda na kuku asiye na mfupa. Aliomba wali, wakamletea wali wenye maziwa na sukari. Kwao wali mtamu ni wa sikukuu; akautazama, akajua kwamba Krismasi imefika na yeye hajaondoka.

Madaktari walisema kidonda kikiwa wazi hakuna shirika la ndege litakalompokea. Walisema labda Machi. Jocelle alikwenda kumwuliza kila mtu aliyemjua aliye juu yake, hata akaambiwa aache kusumbua. Jibu lilikuwa lilelile.

Primitiva alifariki Februari.

Norberta ndiye aliyepiga simu. Mfanyakazi wa zamu alimletea Abundio simu kitandani akamshikia sikioni, sikio bovu, ikabidi aigeuze.

"Alisema nini?" Abundio aliuliza baada ya kuambiwa.

"Hakusema mengi, baba. Alikuwa amechoka."

"Alisema nini, Norberta?"

Norberta alilia kwanza. "Aliuliza kama ndege huwa zinachelewa. Nikamwambia huwa zinachelewa. Akasema haya."

Jocelle alikuja Jumamosi baada ya kliniki, amevaa bado koti lake jeupe, mkononi chombo cha uji ambao ulikuwa umepoa njiani. Alichukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji la uso, akaubakiza pale muda mrefu kuliko desturi.

"Nilikuahidi, babu."

"Ndiyo."

"Sikujua kama ingewezekana. Nilisema tu."

"Ulitaka nivue soksi."

"Nilitaka uishi."

"Basi naishi." Abundio aliurudisha mkono wake juu ya blanketi. "Mwanangu, mimi nimeshaahidiwa na wakubwa wenye nyota mabegani. Wewe ni mtoto. Yako ilikuwa tamu zaidi, maana uliisema huku umeshika mguu wangu. Kaa chini. Ila usiniambie pole, nimeambiwa pole leo na mtu wa kufagia, na muuguzi, na padri. Inachosha."

Jocelle alikaa. Alimlisha uji baridi, na mzee akala nusu, akasema tangawizi ni kidogo.

Masika yale likaja jambo ambalo Abundio hakulitegemea. Mzee akiingia kwenye nyumba ya kulelea, msaada wake hauendi tena mkononi mwake. Unagharimia kitanda. Kinachobaki ni cha kununulia sabuni. Norberta alipiga kuuliza kwa aibu, akizunguka mbuyu: mvua zimeanza, mtoto wa shule ya uuguzi yuko mwaka wa mwisho, na mwezi huu hakijafika kitu, labda benki?

"Si benki. Hakitafika tena," Abundio alimwambia. "Wamenila."

Jogoo akasikika akiwika kule Pasuquin. Kisha Norberta akasema kile ambacho baba yake alikingoja kwa miaka kumi.

"Basi rudi nyumbani, baba. Rudi tu."

Hakulisema kwa ubaya. Pengine hata alilitaka kwa moyo wote, na muda mrefu, na sasa tu ndipo alipopata ruhusa ya kulisema. Abundio alimshukuru. Alipokata simu aligeukia ukuta, na kwa siku kadhaa wauguzi waliandika kwamba anakataa chakula. Kukaa hai Sacramento ilikuwa kazi, hata kama ya mbwa wa kufungwa. Sasa alikuwa amefungwa bila mifupa.

Honorato aliyaona haya yote kutoka kiti cha wageni, akienda kila wiki na kurudi kwa yale mabasi mawili. Juni alikuja amenyoa, amevaa shati la kanisani.

"Mimi naondoka, kaka," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Moja kwa moja. Msaada wakakate, wakanunulie mbwa nyama." Alijaribu kucheka. "Nimekutazama wewe nikaogopa. Siwezi kukwambia uongo."

"Afadhali."

"Nilitaka tuondoke wote. Nimemwuliza daktari wa hapa. Amesema ukifika Manila hai ni bahati."

"Nimemsikia. Aliniambia na mimi." Abundio alimtazama rafiki yake, aliyekuwa na miguu miwili na meno manne. "Nenda. Usikae hapa kunihurumia, huna sura ya huruma. Ila ukifika, kamtazame Primitiva."

"Nitamwambia nini?"

"Utajua. Wewe hujawahi kukosa la kusema."

Waliagana kwa kushikana mikono, kama watu watakaoonana kesho. Honorato alipofika mlangoni aligeuka kusema neno la mzaha, akalitafuta, akalikosa, akaenda zake.

Simu ilikuja wiki chache baadaye, huku jioni ya joto, kule asubuhi ya siku nyingine. Jocelle alikuwa pale. Alikuwa amemaliza mwaka wa pili na kliniki ya Jumamosi ilishakabidhiwa kwa wengine, lakini huyu mzee hakuweza kumkabidhi kwa mtu. Aliiweka simu kwenye sikio zuri.

"Nipo hapa," sauti ya Honorato ilisema, na upepo mwingi nyuma yake. "Nipo makaburini. Norberta yupo na mimi, ndiye mwenye simu. Nimesimama mbele ya mkeo."

"Majani yamekatwa?"

"Yamekatwa. Pasafi. Wamempanda maua yale mekundu, sijui jina."

"Anapenda ya njano."

"Haya, ni mekundu. Wewe ungekuja ungepanda ya njano." Honorato alikohoa. "Sasa sikia. Naiweka simu chini kwenye jiwe. Ongea naye. Sisi tunasogea kule, hatusikii."

Kikasikika kishindo cha simu kwenye saruji, kisha upepo peke yake, na kwa mbali bahari, au labda gari. Jocelle aliona midomo ya mzee ikisogea. Alimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza habari ndefu. Alikuwa na miaka kumi ya kueleza, ukungu, wazee wanne na bafu moja, kidole, soksi, Krismasi. Akavuta pumzi tena.

"Ilichelewa," alisema mwishowe.

Akasubiri. Upepo ukaendelea. Baadaye Honorato akarudi kwenye simu akauliza kama amemaliza, na Abundio akasema amemaliza.

Hakuongea sana baada ya hapo na mtu yeyote. Septemba wanafunzi wapya wa kliniki walipanga zamu ya kumtembelea, na aliwaruhusu kumpima presha bila kuuliza majina yao. Alifariki Januari, asubuhi, wakati mfanyakazi amekwenda kuchukua chai. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Norberta aliomba mwili urudishwe. Parokia ilichanga, wanafunzi walichanga, na haikufika hata nusu. Wakamzika Sacramento, upande wa makaburi ulio karibu na reli, bila bendera na bila baragumu, kwa kuwa hakuna aliyezipata kwa wakati karatasi za kuthibitisha kwamba kijana yule wa milimani alikuwa askari.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba padri alisoma kitabu amekiinua karibu na pua. Walikuja wazee watano waliobaki, na kina mama wa kanisa, na Daktari Villaruz, na mwisho Jocelle, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akiwa na zamu ya hospitali inayoanza saa nane mchana. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, watu hawakuondoka. Walisimama kwenye maegesho, mikono mifukoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani.

Mzee mmoja, yule aliyekuwa akikoroma sebuleni, alimsogelea Jocelle.

"Daktari, kichwa kinanizunguka tangu juzi. Na Jumamosi hii wamefunga, wana mitihani."

"Mimi si daktari bado, babu."

"Kile kifaa unacho?"

Alikuwa nacho ndani ya gari. Alimfungulia mlango akamketisha kiti cha mbele, akamkunja mkono wa koti, na wazee wengine wanne, bila kuambiwa, wakapanga foleni kando ya gari.

"Iko juu," Jocelle alisema baada ya kusikiliza. "Iko juu sana. Dawa unameza?"

"Ziliisha."

"Lini?"

Mzee alitazama mbele kupitia kioo, ambako hapakuonekana kitu.

"Muda," alisema.

Jocelle aliliandika mkononi mwake mwenyewe, kwa kalamu, jina la dawa. Kisha akasema, "Anayefuata."